Sauti na Mkasi: Safari ya Usanii ya Paul Robeson

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imekubalika kwa muda mrefu kwamba fanani si mfereji wa kupitishia matini tu. Anayetamba ngano usiku wa leo haitambi kama alivyoitamba jana: hadhira imebadilika, mazingira yamebadilika, na yeye mwenyewe ana haki ya kupunguza hapa na kuongeza pale. Hata hivyo wahakiki wengi huisahau kanuni hii mara waingiapo katika ukumbi wa tamasha au wa sinema. Huko mwimbaji husifiwa kwa koo lake, mwigizaji akasifiwa kwa umbo lake, na swali la nani hasa aliyeamua kilichosemwa likaachwa mlangoni.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama kazi ya Paul Robeson (1898–1976), Mmarekani mweusi aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya besi na mwigizaji wa jukwaani na wa filamu. Robeson alizichukua nyimbo zilizozaliwa katika mashamba ya watumwa akaziingiza katika kumbi zilizozoea Schubert na Mussorgsky. Kisha akazichukua nyimbo za kumbi hizo akawaimbia wachimba makaa na wajenzi. Ameandikwa sana kama shujaa wa siasa na pia kama mhanga wake. Hapa anatazamwa kama msanii aliyeshughulishwa na jambo moja la kifani ambalo halikuweza kutengana na siasa, nalo ni umiliki wa mkasi: ni nani mwenye uwezo wa mwisho wa kukata, kupanga na kubadilisha kile ambacho sauti imekitoa?

Chimbuko la sauti

Robeson alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma, akawa mchungaji. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto mwaka wa 1904, kabla mtoto hajatimiza miaka sita. Malezi yakabaki mikononi mwa baba aliyeuthamini sana ufasaha wa kusema, akamzoeza mwanawe kukariri hotuba na kuyatamka maneno kwa ukamilifu. Yeyote anayezisikiliza rekodi za Robeson hushangaa jinsi konsonanti zinavyosikika hata pale sauti inaposhuka chini kabisa. Huo ni ufundi wa mimbari kabla ya kuwa ufundi wa muziki.

Mwaka wa 1915 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers, akahitimu mwaka wa 1919 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora na mchezaji aliyetajwa mara mbili, 1917 na 1918, katika orodha ya wachezaji bora wa mpira wa Kimarekani nchini mwake. Akaendelea na sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada mwaka wa 1923. Kazi yake ya uwakili haikudumu. Katika ofisi alimoajiriwa, karani mzungu wa hati mkato alikataa kuandika maneno yanayotamkwa na mtu mweusi. Waandishi wa wasifu wake hukitumia kisa hiki kueleza kwa nini aliiacha sheria, na wana haki. Lakini kina maana nyingine inayohusu hoja ya makala haya: sauti ilikuwapo, maneno yalikuwapo, ila njia ya kuyafikisha kwenye karatasi ilikuwa katika mkono wa mtu mwingine.

Mwaka wa 1924 alijiunga na kundi la Provincetown Players mjini New York, akaigiza katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill, All God's Chillun Got Wings na The Emperor Jones. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili 1925, alisimama na mpiga piano Lawrence Brown katika Greenwich Village Theatre na kutoa tamasha ambalo orodha yake yote ilikuwa ya nyimbo za watu weusi wa Marekani, hasa zile nyimbo za kiroho zilizotungwa utumwani. Uzito wa uamuzi huo unahitaji kuelezwa. Nyimbo hizo zilikwisha kufika katika kumbi kabla yake. Waimbaji wa Chuo cha Fisk walizizungusha tangu mwaka wa 1871, Harry T. Burleigh alikwisha kuziandikia mipangilio ya piano, na Roland Hayes aliziimba pamoja na nyimbo za watunzi wa Ulaya. Mara nyingi zilikuja mwishoni mwa tamasha, kama kitinda mlo baada ya chakula chenyewe. Robeson na Brown walizifanya kuwa chakula chenyewe.

Kuuvuka mpaka namna hii kuna hatari inayofahamika na kila aliyewahi kuandika ngano ya bibi yake kwenye ukurasa wa kitabu. Utanzu unaohama kutoka uwanjani kwenda ukumbini hulazimishwa kuvaa nguo za mwenyeji. Wimbo uliokuwa na kiongozi na waitikiaji huwa wa mtu mmoja. Uliokuwa na mwendo wa jembe huwa na mwendo wa piano. Na hadhira iliyokuwa ikiitikia hukaa kimya hadi wakati wa kupiga makofi. Robeson na Brown waliikabili hatari hiyo kwa kupunguza. Robeson hakuupamba wimbo. Aliuimba katika kimo cha sauti kilichokuwa karibu na usemi wake wa kawaida, na Brown akaitikia kwa sauti yake mwenyewe katika baadhi ya nyimbo, hivi kwamba ule muundo wa mwito na mwitikio ukabaki. Robeson hakuwa amepitia mafunzo ya opera, na hakuijenga kazi yake juu ya opera. Upungufu huo, kama ni upungufu, aliugeuza kuwa msimamo wa kifani: ukumbi ndio uliotakiwa kuufuata wimbo.

Filamu na mkono wa mhariri

Mwaka wa 1928 Robeson alikwenda London kuigiza nafasi ya Joe katika Show Boat, mchezo wa muziki wa Jerome Kern na Oscar Hammerstein II, na wimbo wa mto Mississippi uliomo ndani yake, Ol' Man River, ukawa kitambulisho chake. Kwa zaidi ya miaka kumi aliifanya Uingereza kuwa makao yake. Huko ndiko alikokutana na Afrika, si Afrika ya mashairi ya kutamani nyumbani bali Afrika ya watu: wanafunzi, mabaharia na wanasiasa chipukizi. Mwaka wa 1934 alisoma katika Chuo cha Taaluma za Mashariki cha London, ambacho baadaye kiliongezewa Afrika katika jina lake, akajifunza fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mkewe, Eslanda, alisomea anthropolojia, na mwaka wa 1936 akasafiri na mtoto wao hadi Afrika Kusini na Uganda, safari aliyoisimulia katika kitabu chake African Journey (1945).

Kwa msomi wa Kiswahili hapa pana kejeli ndogo. Robeson alivutiwa sana na toni za lugha za Kiafrika, akazilinganisha na zile za Kichina, na kutokana na tafakuri hiyo akafikia nadharia kwamba muziki wa jadi wa mataifa mengi una mzizi mmoja katika skeli ya noti tano. Nadharia hiyo aliiambatisha baadaye katika kitabu chake Here I Stand (1958). Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu zilizo jirani nacho, hakitumii toni kutofautisha maana za maneno; kwa hivyo hakingekuwa shahidi bora wa nadharia yake. Lakini thamani ya masomo hayo haikuwa katika ushahidi peke yake. Mtu aliyelelewa katika jamii iliyoambiwa kwamba babu zake hawakuwa na lugha bali kelele, aliketi darasani na kuikuta sarufi.

Ni katika kipindi hicho hicho alipokubali kuigiza katika Sanders of the River (1935), filamu iliyotayarishwa na Alexander Korda na kuongozwa na nduguye, Zoltan Korda, kutokana na hadithi za Edgar Wallace. Zoltan alikuwa amesafiri Afrika na kurudi na picha za ngoma na nyimbo halisi. Robeson aliamini kwamba kwa mara ya kwanza utamaduni wa Mwafrika ungeonyeshwa kwa heshima. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa katika studio ya Shepperton, karibu na London, na Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza wakakodiwa kuwa waigizaji wa ziada. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi asiye na fedha, miaka michache kabla ya kuchapisha Facing Mount Kenya (1938).

Filamu ilipotoka ilikuwa utenzi wa kuusifu utawala wa Waingereza. Bosambo, nafasi ya Robeson, ni chifu mcheshi, mtiifu kwa bwana mkubwa Sanders, na ustadi wake wote wa kuimba unatumika kuupamba utiifu huo. Robeson alieleza baadaye kwamba mwelekeo huo wa kibeberu ulitiwa katika hatua za mwisho za utengenezaji, naye akaikana filamu hiyo. Maelezo yake hayamwondolei lawama yote, kwani hadithi za Wallace zilijulikana na yeye alikuwa mtu wa kusoma. Hata hivyo yanafichua tofauti ya kimsingi kati ya tanzu mbili. Jukwaani fanani na hadhira wako mahali pamoja, na hakuna anayeweza kuingia kati yao baada ya neno kutamkwa. Katika filamu, mwigizaji huacha vipande vya sauti na sura yake mezani, akaenda zake, na mtu mwingine akavikata na kuviunganisha. Ngoma halisi zilizopigwa kwa furaha zinaweza kuwekwa baada ya picha ya afisa wa kikoloni akikunja uso, na maana ya ngoma ikapinduka bila hata pigo moja la ngoma hiyo kubadilishwa. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Robeson hakuiacha sinema papo hapo. Aliendelea kuitafuta filamu ambayo angeweza kuishi nayo, na iliyokaribia zaidi ni The Proud Valley (1940), kuhusu baharia mweusi anayepokewa na wachimba makaa wa Wales kwa sababu kwanza kwaya yao inaihitaji besi yake. Baada ya kukatishwa tamaa tena na Tales of Manhattan (1942), aliachana na Hollywood.

Mkasi katika mkono wa mwimbaji

Kama filamu ilimfundisha nguvu ya mkasi, tamasha lilimpa nafasi ya kuushika. Mfano bora ni ule ule wimbo wa mto. Katika maneno ya Hammerstein, Joe ni mtu aliyechoka. Analewa, anaishia jela, amechoka kuishi lakini anaogopa kufa, na mto unapita bila kumjali. Kuanzia miaka ya mwisho ya thelathini Robeson aliyabadilisha maneno hayo katika matamasha yake. Aliondoa jina la dharau walilopewa watu weusi. Mahali pa uchovu na hofu aliweka kicheko na mapambano yasiyo na mwisho. Badiliko lililo la kina zaidi linahusu sababu na matokeo: katika matini ya kwanza mtu anafungwa kwa ulevi, katika matini ya Robeson anafungwa kwa sababu ameonyesha ujasiri. Maneno machache tu yamebadilishwa, tuni haikuguswa, lakini wimbo uliokuwa ukiwahurumia wanyonge umekuwa wimbo wa wanyonge wenyewe. Hammerstein hakufurahi, akatamka hadharani kwamba maneno yake yaachwe kama yalivyo. Kwa mujibu wa kanuni za uandishi, alikuwa na haki. Kwa mujibu wa kanuni za fasihi simulizi, ambamo nyimbo za watumwa zilizaliwa, Robeson alifanya kile ambacho kila fanani hufanya.

Pale ambapo matini haikuweza kuguswa, alitafuta uhuru katika tafsiri ya uhusika. Othello aliigiza mara tatu: London mwaka wa 1930 akiwa na Peggy Ashcroft, New York mwaka wa 1943 akiwa na Uta Hagen na José Ferrer chini ya uongozi wa Margaret Webster, na Stratford-upon-Avon mwaka wa 1959. Mchezo wa New York ulionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyowahi kuifikia Broadway. Robeson alikataa kumwona Othello kama mtu mwenye wivu wa kuzaliwa nao. Alimwona kama mtu wa utamaduni mwingine, aliyejengwa juu ya heshima, ambaye anasalitiwa na jamii inayomhitaji vitani lakini haimkubali mezani. Mchezo huo ulipozungushwa katika miji ya Marekani, alikataa kuigiza katika kumbi zilizowatenga watazamaji kwa rangi. Uamuzi huo pia ni wa kifani, kwa kuwa hadhira ni sehemu ya mchezo, na Othello anayetazamwa na weupe peke yao si Othello yule yule.

Kukatwa na kupenya

Baada ya vita vya pili vya dunia mkasi ulihamia mikononi mwa dola. Robeson aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililotetea ukombozi wa bara hili hadi lilipovunjwa kwa shinikizo la serikali mwaka wa 1955, na suala la Kenya wakati wa Hali ya Hatari lilikuwa miongoni mwa hoja zake. Hotuba yake ya Paris ya Aprili 1949 ilinukuliwa visivyo na magazeti, ikaonekana kana kwamba amewasemea watu weusi wote kuwa hawatapigana na Urusi. Miezi michache baadaye watu waliokwenda kumsikiliza Peekskill, New York, walishambuliwa kwa mawe. Mwaka wa 1950 pasipoti yake ilichukuliwa, kumbi zikamfungia milango, redio na televisheni zikanyamaza.

Alivyoijibu hali hii kunaonyesha jinsi alivyoielewa asili ya sanaa yake. Tarehe 18 Mei 1952, alipokuwa amezuiwa kuvuka kwenda Kanada, alisimama juu ya lori kwenye mpaka wa nchi hizo mbili na kuwaimbia maelfu waliokusanyika pande zote. Mwaka wa 1957 aliimba New York, na sauti ikapita katika waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki hadi kwa wasikilizaji wa London. Baadaye mwaka huo huo ikawafikia wachimba makaa wa Wales waliokusanyika Porthcawl, ambao kwaya yao iliimba kumjibu. Muundo wa mwito na mwitikio aliouokoa kutoka mashambani mwaka wa 1925 ulifanya kazi hata pale mwili wa fanani ulipofungiwa bara jingine.

Mwaka wa 1956 aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyowachunguza walioshukiwa kuwa wakomunisti. Hakuruhusiwa kuisoma taarifa aliyoiandaa. Lakini kila alichosema katika kubishana na wabunge hao kiliandikwa neno kwa neno na makarani wa serikali, na kumbukumbu hiyo imebaki kuwa mojawapo ya hotuba zake zinazosomwa zaidi. Pasipoti alirudishiwa mwaka wa 1958, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua katika kesi ya mtu mwingine kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kuwanyima raia pasipoti kwa sababu ya imani zao. Novemba 1960 aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga Jumba la Opera la Sydney, kabla jumba hilo halijapata paa.

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia hapo. Juni 1949, mjini Moscow, Robeson alikutana na mshairi wa Kiyidi Itzik Feffer, aliyeletwa kutoka kifungoni. Kwa mujibu wa masimulizi ya mwanawe Robeson, Feffer alimweleza kwa ishara, chumbani mlimotegwa vinasa sauti, hatari iliyomkabili yeye na wenzake. Katika tamasha lake Robeson aliutaja urafiki wake na Feffer, kisha akaimba kwa Kiyidi wimbo wa wapiganaji wa mtaa wa Wayahudi wa Warsaw. Wimbo umehifadhiwa katika kanda. Maneno aliyoyatanguliza hayakuhifadhiwa. Mkasi ulikuwapo Moscow pia. Lakini aliporudi Marekani, ambako hakuna mhariri wa Kirusi aliyeweza kumgusa, Robeson alikanusha kuwa alisikia habari za kuteswa kwa Wayahudi huko. Feffer aliuawa Agosti 1952. Mwaka wa 1953, Stalin alipofariki, Robeson alichapisha maneno ya kumwomboleza kwa sifa.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba hakutaka kuwapa silaha maadui waliokuwa wakiwanyonga watu weusi nchini mwake. Hoja hiyo ina uzito wa kihistoria. Haitoshi hata hivyo kufuta ukweli kwamba mtu aliyeurekebisha wimbo wa Hammerstein ili kumrudishia Joe heshima yake aliiacha hadithi ya Feffer bila kuisahihisha. Safari hii aliyekata ni mwenye sauti mwenyewe.

Hitimisho

Miaka ya mwisho ya Robeson ilikuwa ya maradhi. Mwaka wa 1961 alijaribu kujiua akiwa Moscow, akatibiwa London kwa mishtuko ya umeme, akarejea Marekani mwaka wa 1963. Eslanda alifariki mwaka wa 1965. Yeye alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Kazi yake inaudai uhakiki wetu mambo mawili. Kwanza, mwimbaji asomwe kama mtunzi pale anapotunga: matini za Ol' Man River za 1928 na za matamasha ya baadaye zinastahili kuwekwa ubavuni kwa ubavu na kulinganishwa, kama tunavyolinganisha miswada miwili ya utendi mmoja. Pili, kila rekodi na kila filamu iulizwe ni mkono gani uliomaliza kazi, maana sauti ile ile inaimba katika Sanders of the River na katika waya wa Porthcawl, na hadhira iliyosikia sauti hizo mbili haikusikia jambo moja. Mhakiki anayeyafanya haya atalazimika kuyasikiliza pia yale ambayo Robeson, akiwa na mkasi mkononi mwake, aliamua yasisikike.